Kichanja cha Nepi Kule Landhini

Ni nani aliyewadanganya kwamba nguo hukaushwa na jua? Jua husaidia, sikatai, lakini kazi yenyewe hufanywa na upepo. Nimefua nguo za watu hapa Nakuru tangu nikiwa mke mpya hadi magoti yalipogoma, na bado nikienda kumtembelea mjukuu wangu kule Karagita ninamkuta ametundika jinzi yake nyuma ya mlango, dirisha amelifunga kwa sababu ya baridi, na chumba kizima kinanuka uvundo. Juzi aliniambia, "Shosh, si unaona hapa hakuna space? Nitaanika wapi?" Nilimcheka mpaka akanuna. Halafu nikamwonea huruma, maana anatoka kwenye shamba la maua amechoka, na anachotaka ni nguo kavu ya kesho tu. Ndiyo nikaamua kuwaandikia, yeye na ninyi nyote wa bedsita za Free Area na vyumba vya kupanga visivyo na hata mahali pa kugeukia.

Miaka ya hamsini tulikaa landhini, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa. Kila familia chumba kimoja. Mume wangu alikuwa mtu wa kusafiri na treni, leo Nakuru, kesho Kisumu, kwa hiyo chumba kilikuwa changu, cha watoto wangu, na cha nguo za watu. Uwanja wa kuanika ulikuwepo. Lakini ukianika shuka jeupe upande wa shedi, kule injini za treni zinakotengenezwa, injini moja ikipumua tu, shuka linarudi na madoa ya masizi. Kiangazi kikizidi, maji ya ziwa yalirudi nyuma na upepo ukatuletea lile vumbi jeupe la magadi, linaloingia machoni na ndani ya kola. Tena ilikuwa hali ya hatari, na msimamizi wa landhi alikataza kamba kati ya nyumba na nyumba, eti askari wa doria hawaoni mbele. Shimizi yangu na vita vyao wapi na wapi! Lakini amri ni amri, tukaingiza nguo ndani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ndolo, Mkamba mmoja mfupi aliyekuwa dobi mkuu wa hoteli moja mjini. Nguo zikimzidi, alinipa nikafue nyumbani. Alikuwa mkali, mkali hasa. Mara ya kwanza nilimpelekea shuka zenye unyevu, akazinusa, akanirudishia. Mara ya pili akasema, "Mama, wewe nangoja upepo ifanye kazi ya mkono yako. Kamua kwanza."

Nikamwambia nimekamua. Akachukua shuka moja, akalizungusha kwenye nguzo ya baraza, akaingiza kijiti kwenye kitanzi na kulipota mpaka maji yakachuruzika hadi kwenye viatu vyangu. Kisha akalitandaza juu ya blanketi kuukuu lililo kavu, akaviringisha vyote pamoja kama chapati, akapanda juu na kutembea kwa magoti kutoka mwanzo hadi mwisho huku akiimba pambio la kanisani kwao. Alipofungua, shuka lilikuwa limebaki na unyevu kidogo tu. Hiyo ni nusu ya kukausha, vijana, na haitaki nafasi yoyote zaidi ya magoti yako. Siku hizi taulo kavu inatosha.

Makosa niliyafanya tele. Mzee aliniambia nitie wanga kwenye kola za mashati ya wahudumu wa hoteli. Mimi kwa ujanja wangu nikaona wanga wa dukani wa nini, nikapika uji mwepesi wa mahindi, nikapaka. Kola zilisimama wima, ungedhani za gavana. Nikazitundika chini karibu na ukuta, na kulipokucha nikakuta panya wamekula karamu, mashati hayana shingo. Mzee Ndolo aliyageuza moja baada ya jingine, halafu akaniuliza kama panya walisema asante.

Tangu hapo nikaanika juu. Na juu ndiko kunakofaa, kwa sababu joto la chumba hupanda, na nguo iliyo karibu na dari hukauka wakati iliyo karibu na sakafu ingali inawaza. Kamba iende kutoka upande wa mlango hadi upande wa dirisha, na fungua vyote viwili, hata kama ni kidogo, hewa iingie huku itokee kule. Nguo moja na nyingine ziache nafasi ya ngumi. Shuka usilikunje juu ya kamba moja likajishikilia lenyewe. Lipitishe juu ya kamba mbili, hewa ipite katikati. Suruali igeuze ndani nje, mifuko ining'inie kama masikio ya mbuzi, na kiunoni weka kijiti cha kuitanua mdomo. Halafu usisahau kuigeuza nguo ikiwa nusu kavu. Watu wengi hutundika wakasahau, kisha wanalalamikia sabuni.

Na jiko la makaa liacheni nje! Nasikia bado kuna watu huliingiza ndani na kufunga mlango ili nguo zikauke haraka. Jirani yetu mmoja alifanya hivyo, tukamburuta nje amelegea, tukamlaza kwenye nyasi hadi akatapika ndipo akakumbuka jina lake. Ukitaka joto, pasha matofali huko nje, kisha tofali liingie peke yake na makaa yabaki uani. Nguo ya kesho si kitu cha mtu kufia.

Lakini kilichoniokoa kuliko vyote ni kichanja cha juu. Mzee Ndolo alikuwa nacho pale hotelini, fito ndefu za mtarakwa zilizofungwa kama ngazi iliyolala, zinazoning'inia darini kwa kamba iliyopita kwenye kapi, kile kigurudumu chenye mfereji. Unakiteremsha hadi kifuani, unaanika, unavuta kamba, na nguo zote zinapanda juu ya vichwa vya watu. Chini mnapika, mnakula, mnagombana, na juu nguo zinakauka. Nilimwomba jirani yangu Zakayo anitengenezee. Alikuwa fundi kule shedi na mikono yake haikujua kutulia. Alikipenda sana akajitengenezea chake pia, na hicho cha kwake ndicho kilichotuletea kizaazaa.

Zakayo alikuwa Mbukusu, kijana mpole, na mkewe aliitwa Nasimiyu. Masika moja Nasimiyu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Nafula kwa kuwa alikuja na mvua. Alikuwa mdogo wa kutisha, na akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi. Nesi alipowaruhusu kutoka hospitali aliwaonya kwamba mtoto huyo asikae na unyevu hata kidogo, la sivyo kifua kitamwondoa. Na mvua ilikuwa haijui asubuhi wala jioni. Nepi tulizikata kutoka kwenye mifuko ya unga ya kitambaa, na tulishindana na mtoto kuzikausha. Nasimiyu mwenyewe alikuwa hawezi kusimama muda mrefu. Mama yake akapanda treni Bungoma akaja kumlea.

Ninyi wa leo hamjui heshima ya wakwe ilivyokuwa. Kwa Wabukusu, na hata kwetu Maragoli, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani, hawasemezani, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani hadi mwenzake apite. Na nguo ya mama mkwe ambayo haiko mwilini, mkwe hatakiwi hata kuiona, seuze kuigusa. Kijijini hilo ni rahisi, kuna nyumba hii na nyumba ile. Landhini kuna chumba kimoja. Kwa hiyo tulipanga mama alale kwangu, mchana akae na binti yake, na Zakayo akitoka kazini aanze kukohoa tangu kule bombani tulikoteka maji, ili mama ajifunike leso aje kwangu kabla hajafika. Majirani wasiojua mila waliniuliza kwa sauti ya chini kama Zakayo ana kifua kikuu.

Mama alikuja na magauni mawili tu. Kichanja changu kilijaa shuka za hoteli, na cha Zakayo kilijaa nepi, ila upande wa dirishani palibaki upenyo. Nikamwambia aanike gauni lake hapo. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Kwa mkwe wangu? Juu ya kichwa chake? Mwanangu, wewe ulilelewa wapi?"

Basi nikataka kuteremsha shuka moja la hoteli nimpe nafasi kwangu, akakataa pia. "Hayo mashuka ni ugali wa watoto wako," akasema. Nikadhani amepata njia nyingine. Siku moja nikamshika bega kumwamkia, mkono wangu ukarudi umelowa. Kumbe alikuwa anafua gauni alfajiri, analikamua, analivaa hivyo hivyo likauke mwilini mwake. Mama mtu mzima, baridi ya Nakuru wakati wa mvua, jamani! Nilimfokea kama mtoto. Alicheka tu, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Hapo nikaingiwa na hofu, maana kikohozi hicho kilikuwa kinainamia mtoto mwenye kifua kibovu kutwa nzima.

Nasimiyu alishindwa kuvumilia. Mama yake alipokuwa kwangu amejifunga blanketi langu, alilichukua lile gauni bichi, akalificha ndani ya shuka lao la kitanda, akalikunjia katikati asilione mtu, akapandisha kichanja hadi darini. Mimi simlaumu, mtoto gani angemtazama mama yake akitetemeka? Tatizo ni kwamba mikono ilikuwa haina nguvu, na kamba aliizungusha tu kwenye msumari bila kuifunga fundo.

Siku hiyo mvua ilisimamisha kazi kule shedi, na Zakayo akarudi mapema. Alikohoa, akaona mlango wa kwake hauna mtu, akaingia. Akawekewa ugali na kunde, akaketi chini ya kichanja. Alikuwa ameshika tonge la kwanza wakati kamba ilipochomoka kwenye msumari. Nepi ziliingia kwenye kunde, shuka likafunika meza, na gauni la mama mkwe likamwangukia kichwani likamfunika hadi mabegani. Akalivuta kwa mikono miwili ajue ni kitu gani, na alipojua akapiga ukelele ambao hadi leo sijausikia mwingine wa namna ile. Akatoka mbio mvuani bila kofia.

Mnaweza kucheka. Hata mimi, nilipoingia na kuona nepi imelala juu ya ugali, kicheko kilinipanda kooni. Lakini Nasimiyu alikuwa ameketi sakafuni amemkumbatia mtoto, uso umepauka. "Mama Agneta," akaniambia, "nimemuua mtoto wangu. Mama ataenda."

Alikuwa amesema kweli. Niliporudi kwangu nilimkuta mama amesikia yote kupitia ukutani na tayari anafunga mzigo. Treni ya kwenda kwao ilikuwa ikipita jioni.

Nikamwambia kwa hasira, "Mama, ile nyumba si ya Zakayo! Ni ya reli! Zakayo akifukuzwa kazi kesho, ataondoka nayo?"

"Nyumba ni ya anayelala ndani," akajibu.

"Na Nafula je? Nasimiyu hawezi hata kubeba karai."

Ndipo akaketi juu ya mzigo wake akalia. Alisema mtoto aliyezaliwa na baba aliyevuliwa heshima na mkwewe hana ulinzi, atashikwa na kila upepo mbaya. Naomba mmwelewe mama huyu. Hakuwa anajipenda wala kuogopa maneno ya watu. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba akikaa atamdhuru mtoto kuliko akiondoka, na kuondoka kwenyewe kulikuwa kunamkata maini. Hasira yangu iliisha.

Nikajitupia gunia kichwani, nikatoka kumtafuta Zakayo. Alikuwa bombani, mvua inamnyeshea na bado amefungulia maji, anasugua kichwa kwa sabuni, anasuuza, anasugua tena.

"Zakayo, mama anaenda na treni ya jioni."

"Ni haki yake," akasema bila kugeuka. "Hata mimi ningekuwa yeye, ningeenda. Lakini akienda, huyo mtoto hatapona. Wewe unajua, mimi najua."

"Nimemwambia nyumba ni ya reli. Anasema nyumba ni ya mwenye kulala ndani."

Akaacha kusugua. Povu lilikuwa linamteremka usoni. "Amesema hivyo? Mwenye kulala ndani?"

"Hivyo hivyo."

"Basi mimi silali ndani," akasema, akafunga bomba.

Aliingia chumbani mwake akatoa kila kilichokuwa chake. Blanketi, sanduku la nguo, kikombe, wembe wa kunyolea, hata kigoda. Alimpa mkewe pole moja fupi, akatoka. Alipofika mbele ya mlango wangu akasimama, akanipa mgongo, akapaza sauti kana kwamba anazungumza na mvua.

"Mama Agneta! Hiyo nyumba si yangu tena. Naenda kulala kwa makapera. Mimi hapa Nakuru sina nyumba. Mtu akianika nguo yake huko ndani, hajaanika kwa mkwe. Ameanika kwake."

Akaenda zake. Nikaona vidole vya mama vinafungua fundo la mzigo. Jioni hiyo gauni lake lilipanda kichanjani waziwazi, upande wa dirishani, na treni ya Bungoma ikapita bila yeye.

Lakini kichanja kilichojaa nguo bichi ni kizito. Nasimiyu hakuweza kukivuta, mama alikuwa na kikohozi chake, na mimi nilikuwa na shuka za watu. Kesho yake Zakayo alitoka kazini akatoboa kitundu kwenye fremu ya dirisha, akapitisha kamba hadi nje, akafunga kapi nyingine chini ya ukingo wa paa. Kila jioni alisimama hapo nje na gunia kichwani, mgongo ukutani. Mama alianika ndani. Na kwa kuwa hawakuweza kusemezana, walimtumia mtoto.

"Nafula," mama angesema, "mwambie baba yako avute."

Kamba ikavutwa.

"Nafula," sauti ya nje ingesema, "uliza kukhu wako kama imefika juu."

Bibi ndiye kukhu kwa Kibukusu. Nafula mwenyewe alikuwa amelala fofofo.

Dirisha halikuweza kufunguliwa kwa ajili ya mvua, hivyo upepo hakuna, na hapo mama alinifundisha kitu ambacho hata Mzee Ndolo hakukijua. Alimtuma mjukuu wake amwambie baba yake avute na kuachia, avute na kuachia, polepole. Kichanja kikawa kinapanda na kushuka, nepi zinapepea kama ziko uwanjani. Kama upepo hauji kwa nguo, nguo iufuate upepo. Ninyi mna feni za stima, ziwasheni zielekee kwenye kamba. Msipokuwa nazo, tikiseni nguo zenu kila mnapopita, hamtapungukiwa kitu.

Zakayo hakuishia kwenye kamba. Alianza kubeba karai la nepi chafu hadi bombani na kufua mwenyewe, jambo ambalo mwanamume wa landhi wakati ule hakulifanya hata akiwa mgonjwa wa akili. Makapera wenzake walimzunguka wakicheka.

"Zakayo, siku hizi umekuwa dobi?"

"Ndiyo," aliwajibu. "Leta yako nifue, lakini yako inanuka kushinda ya mtoto."

Gauni la mama lilikuwa linakauka vizuri sasa, na kikohozi chake kikaisha. Nafula alivaa nepi kavu mchana na usiku. Hatukuona siku aliyopona, mambo haya hayaji hivyo, ila asubuhi moja alilia kwa njaa kwa sauti kubwa ya kukera, mstari mzima wa landhi ukamsikia, na bibi yake akakaa kitandani akaanza kucheka na kufuta machozi. Filimbi ya kifuani ilikuwa imenyamaza.

Mvua ilipopungua, mama akasema maharagwe yake huko nyumbani yamezidiwa na magugu. Siku ya safari nilisimama mlangoni na mzigo wake begani. Zakayo alikuwa nje ya dirisha, mgongo ukutani, ameshika kamba kama kawaida yake, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba leo hakuna cha kuvuta. Mama alimtemea mtoto mate ya baraka kifuani, akamweka mikononi mwa Nasimiyu. Akaelekea dirishani. Nilidhani atamtuma mtoto neno la mwisho, lakini hakusema kitu. Aliishika kamba, akaivuta kidogo. Kichanja kitupu kikatikisika juu yetu.

Kisha kamba ikavutwa kutoka upande wa pili, polepole, kidogo tu.

Mimi nililia, sioni haya kusema. Injini ilipiga honi kule stesheni, nikamwambia mama treni haingoji mtu. Alikuwa ameinamisha macho, bado ameshika kamba, na nje Zakayo naye hakuiachia.